Bahodopi: kijiji cha Indonesia ambacho watu wa Kolwezi na Fungurume wanapaswa kukijua

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilifunga mlango wa kobalti. Bei ilikuwa imeanguka vibaya, na viongozi walisema kwamba soko limejaa mno. Kufungwa huko kulitangazwa kwa miezi minne, kukaongezwa tena, hadi tarehe 16 Oktoba ambapo mpango wa kota ulianza. Kwa mwaka 2026 na mwaka 2027, Congo imejiwekea kikomo cha tani 96,600 kila mwaka.

Katika mabishano yote yaliyofuata, kuanzia Kinshasa hadi Lubumbashi, jina la nchi moja limekuwa likirudi: Indonesia. Wengi wanauliza kwa nini Congo isifanye kama Indonesia, iliyokataza udongo wa madini kutoka ukiwa mbichi na kuwalazimisha wanunuzi kujenga viwanda palepale. Swali hilo ni zuri. Shida ni kwamba wanaoliuliza hutaja Indonesia kwa ujumla, nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, wala hawataji mahali penyewe ambapo sera hiyo iligeuza maisha ya watu. Mahali hapo pana jina. Panaitwa Bahodopi.

Bahodopi ni eneo dogo la pwani katika wilaya ya Morowali, jimbo la Sulawesi ya Kati. Kwa mpangilio wa Congo, mtu angeweza kulilinganisha na sekta moja ndani ya territware. Miaka 15 iliyopita wakaaji wake waliishi kwa samaki na kwa mashamba yao. Leo, ndani ya eneo la viwanda linaloitwa Indonesia Morowali Industrial Park, au IMIP kwa kifupi, wanafanya kazi Waindonesia zaidi ya 80,000, pamoja na maelfu ya Wachina. Kila anayezungumza habari ya kusafisha madini nyumbani angepaswa kwanza kutembea katika kijiji hicho, hata kama ni kwa mawazo tu, na kutazama kinachoonekana pande zote mbili za lango la kiwanda.

Jinsi kijiji kilivyogeuka

Mambo hayakuanza kwa siku moja. Mwaka 2009 Indonesia ilipitisha sheria mpya ya madini iliyosema kwamba siku moja udongo mbichi hautatoka tena. Makompani mengi hayakuamini. Januari 2014 katazo likaanza kweli. Mwaka 2017 serikali ikalegeza kidogo, na tarehe 1 Januari 2020 ikalirudisha kwa nikeli bila huruma. Umoja wa Ulaya ulilalamika mbele ya Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2022 waamuzi wakasema kwamba Indonesia ina makosa. Jakarta ikakata rufaa na kuendelea na njia yake.

Wakati huo Bahodopi ilikuwa imekwisha kuanza kujengwa. Mkataba wa kuanzisha IMIP ulitiwa saini mjini Jakarta Oktoba 2013, mbele ya rais Susilo Bambang Yudhoyono na rais wa China Xi Jinping. Upande wa China kulikuwa na kundi la Tsingshan, moja ya wakubwa wa chuma kisichoshika kutu duniani. Upande wa Indonesia kulikuwa na kundi la Bintang Delapan. Mei 2015 rais mpya, Joko Widodo, alikwenda mwenyewe kufungua tanuru ya kwanza.

Udongo mwekundu wa nikeli unachimbwa karibu, unaingia katika matanuru, na upande wa pili kunatoka chuma. Baadaye vikaja viwanda vya aina nyingine, ambavyo vinachemsha udongo kwa asidi chini ya joto kali na mgandamizo mkubwa ili kutoa bidhaa ya betri za magari. Ni hapo ambapo habari ya Bahodopi inamhusu mtu wa Lualaba moja kwa moja. Katika bidhaa hiyo nikeli haitoki peke yake, inafuatana na kobalti, kama vile Katanga kobalti inavyofuatana na shaba. Kwa njia hiyo, Indonesia imekuwa ya pili duniani kwa kobalti katika miaka michache tu. Congo bado inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote, na Indonesia iko karibu na asilimia 10. Lakini miaka michache nyuma asilimia hiyo ilikuwa ndogo sana.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Kiwanda kimoja cha kobalti na nikeli katika IMIP, kinachoitwa Huayue, kina wanahisa wawili ambao majina yao ni ya kawaida Congo: Huayou na CMOC. CMOC ndiyo yenye hisa kubwa Tenke Fungurume na Kisanfu. Huayou nayo ina kazi zake Katanga kwa miaka mingi. Kwa hiyo makompani yaleyale yanajua bei ya kazi, bei ya umeme na uzito wa kodi kwa pande zote mbili. Yanapokaa mezani na Wakongomani, yanajua Bahodopi ilikubali nini na ilikataa nini. Mkongomani aliyeketi mbele yao mara nyingi hajui.

Kufika, kulala, kula

Mashariki mwa Congo, Waindonesia wanajulikana zaidi kwa kofia za bluu. Walikuja na Umoja wa Mataifa tangu miaka ya 1960, na katika miaka ya karibuni askari wao waliweka kambi Kalemie. Ni Wakongomani wachache sana waliofanya safari ya upande wa pili, kwenda Sulawesi. Wafanyabiashara wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaijua njia ya Dubai na ya Guangzhou kama wanavyojua njia ya sokoni, lakini njia ya Morowali haiwaiti.

Anayetaka kufika huko anapita Jakarta, kisha anapanda ndege ya ndani hadi Makassar, mji mkubwa wa kusini mwa Sulawesi, au hadi Kendari. Kutoka Kendari kunabaki saa nyingi za gari kwa njia inayofuata milima na bahari. Kuna pia uwanja mdogo wa ndege wa serikali, unaoitwa Maleo, uliofunguliwa mwisho wa mwaka 2018, ambapo ndege ndogo zinatua. Karibu na Bahodopi barabara inabanwa na malori, na hewa inabadilika rangi kabla ya mabomba ya viwanda kuonekana.

Saa ya kubadilisha zamu ndiyo saa ya kuielewa Bahodopi. Maelfu ya pikipiki yanatoka kwa wakati mmoja, wafanyakazi wakiwa na kofia ngumu kichwani na nguo za kazi, na barabara moja tu ya pwani inakuwa mto wa watu. Wengi wao si wazaliwa wa hapo. Wametoka kusini mwa Sulawesi, Wabugis na Watoraja, na wengine Java na visiwa vingine. Wanalala katika vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa mistari, chumba baada ya chumba, na choo cha wengi. Vijiji vya Labota, Keurea na Fatufia, vilivyokuwa na nyumba za kuhesabika, leo vimejaa vyumba hivyo hadi kwenye miteremko ya milima.

Ni hapo ambapo makuta ya kwanza yaliingia kwa wenyeji. Mwenye kiwanja ambaye hakukimbilia kuuza, akajenga vyumba 10 na baadaye 20, aliona maisha yake yakibadilika. Mama aliyefungua kibanda cha wali na samaki mbele ya lango alipata wateja usiku na mchana. Wenye gereji za pikipiki, wafuaji wa nguo na wauza simu walikula vizuri. Mtu wa Kolwezi anaijua picha hii bila kufundishwa: vyumba vinavyoongezeka bila mpango, bei ya nyumba kupanda kwa dola, garanti ya miezi mingi, na kijana wa hapo kushindwa kupanga katika mtaa aliozaliwa.

Kwa upande mwingine, aliyeuza shamba mapema kwa bei ya shamba, kabla ya kujua kinachokuja, alipata fedha za kununua pikipiki moja na kutengeneza bati la nyumba. Miaka mitatu baadaye, ardhi ileile ilikuwa na thamani ambayo hawezi tena kuifikia. Alikuwa na shamba, leo anapanga chumba.

Na kuna watu wa bahari. Kurisa ni kitongoji cha Wabajo, watu wanaojenga nyumba juu ya maji na kuishi kwa uvuvi toka vizazi vya zamani. Kitongoji hicho kiko ubavuni mwa viwanda. Viwanda vinatumia umeme wa makaa ya mawe, na maji ya kupozea mitambo yanarudi baharini yakiwa ya moto. Wavuvi wa Kurisa wameeleza mara nyingi kwamba samaki wamekimbia, kwamba lazima waende mbali zaidi na kutumia mafuta zaidi ili kurudi na kidogo. Watoto wao wanakohoa kwa vumbi la makaa. Mvua kubwa ikinyesha, milima iliyokatwa miti inashusha tope jekundu hadi kwenye nyumba.

Tarehe 24 Desemba 2023, siku moja kabla ya Noeli, mlipuko ulitokea katika kiwanda kimoja ndani ya IMIP wakati wafanyakazi walikuwa wakitengeneza tanuru. Watu 21 walikufa, Waindonesia na Wachina. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka mbali kutafuta maisha.

Anayetaka kuweka makuta yake huko

Kuna wanaosikia habari ya mji unaokua hivyo na kufikiri mara moja juu ya kununua kiwanja. Lakini Indonesia ina sheria ya ardhi ya mwaka 1960, na sheria hiyo inasema kwamba mgeni hawezi kuwa mwenye ardhi kamili. Anaweza kupata haki ya kutumia kwa muda, au kufungua kompani ya wageni, na kompani hiyo lazima iwe na mpango wa uwekezaji wa zaidi ya rupia bilioni 10, bila kuhesabu ardhi na majengo. Mgeni anayepitisha kiwanja kwa jina la rafiki wa hapo anaweka mali yake katika mfuko wa mtu mwingine. Siku wakigombana, hana pa kushitaki.

Halafu kuna hatari ya mji wenye mwajiri mmoja. Indonesia sasa inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. Ilipofungua bomba kwa nguvu, bei ikaanguka, hata kompani kubwa ya BHP ikasimamisha kazi zake za nikeli Australia mwaka 2024. Bahodopi ilisimama kwa sababu gharama zake ni za chini. Lakini chumba cha kupanga, kibanda cha wali na gereji vyote vinategemea lango lilelile. Siku tanuru itakapopozwa, hakuna kazi ya pili ya kukimbilia, kwa maana bahari imechafuka na mashamba yamekwisha.

Katika Katanga hakuna haja ya kueleza jambo hilo kwa maneno mengi. Gécamines iliwapa watu nyumba, posho, masomo na hospitali, na familia nzima zilizaliwa na kukua chini ya jina moja. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na mitaa ya Likasi na Kolwezi bado ina kumbukumbu zake. Bahodopi leo iko katika miaka yake ya posho. Haijafika mwaka wake wa 2003, na ni vizuri isifike.

Daftari ya mali

Wanaosifu njia ya Indonesia wana tarakimu nzuri mkononi. Serikali ya Jakarta inasema kwamba bidhaa za nikeli zilizouzwa nje zilipanda kutoka karibu dola bilioni 3 kwa mwaka hadi zaidi ya bilioni 30 mwaka 2022. Uchumi wa Sulawesi ya Kati ulikua kwa zaidi ya asilimia 15 mwaka huo, kasi ambayo gavana yeyote wa Congo angeiota.

Lakini ndani ya jimbo hilohilo, mwaka 2023, karibu watu 12 kati ya 100 walihesabiwa kuwa maskini. Kwa Indonesia nzima, walikuwa karibu 9 kati ya 100. Jimbo lenye viwanda vikubwa hivyo lina umaskini kuliko nchi kwa ujumla. Fedha zilikwenda wapi?

Sehemu ya jibu iko katika msamaha wa kodi. Ili kuvuta wawekezaji, Indonesia ilitoa msamaha wa kodi ya faida ambao, kwa miradi mikubwa kabisa, unaweza kufika miaka 20. Mchumi wa Indonesia Faisal Basri, aliyefariki Septemba 2024, alipiga kelele kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya faida ya nikeli inarudi China, na Indonesia inabaki na sehemu ndogo. Serikali ilimpinga, na mjadala huo haujaisha. Gavana wa Sulawesi ya Kati, Anwar Hafid, ambaye zamani alikuwa mkuu wa wilaya ya Morowali yenyewe, alilalamika mwaka 2025 mbele ya wabunge kwamba kinachorudi kwa jimbo ni kidogo mno kulingana na kinachotoka. Anayesema hivyo ndiye aliyeongoza Morowali viwanda vilipokuwa vinajengwa.

Mwisho wa mwaka 2025, mabishano mengine yalilipuka. Waziri wa ulinzi Sjafrie Sjamsoeddin alitembelea Morowali na kusema wazi kwamba haikubaliki kuwa na uwanja wa ndege binafsi ndani ya eneo la viwanda bila vyombo vya serikali kuwa pale. Raia wengi wa Indonesia walishtuka. Watu waliuliza kama ndani ya nchi yao kumezaliwa nchi nyingine, yenye lango lake, bandari yake, umeme wake na ndege zake.

Swahili ina methali inayofaa hapa: mali bila daftari huisha bila habari. Bahodopi ina mali, na mali hiyo inaonekana kwa macho. Daftari yake ndiyo imekuwa ngumu kusomwa na wenyeji.

Wenye kusema: kiwanda kwanza

Kuna hoja ya upande wa pili, na si hoja ya wajinga. Inasema: kiwanda kwanza, mengine yatafuata. Bila tanuru hakuna kazi, bila kazi hakuna kodi, na nchi maskini haiwezi kuchagua sana. Wanaosema hivyo wanaweza kuonyesha Bahodopi kwa kidole. Vijana 80,000 wana mishahara ya kila mwezi, wakati katika machimbo mengi ya Lualaba kijana anashuka ndani ya shimo bila kofia, bila mkataba, na bei ya mfuko wake inapangwa na mnunuzi. Tangu mwaka 2017 kuna pia chuo cha ufundi cha serikali, Politeknik Industri Logam Morowali, kilichojengwa palepale ili kufundisha vijana kazi za tanuru, umeme na mitambo. Hayo si mambo madogo. Mtoto wa mvuvi anaweza leo kuwa fundi wa umeme bila kuvuka bahari.

Hoja hiyo ina ukweli wake kuhusu kazi. Inakosea kuhusu wakati. Bahodopi inaonyesha kwamba nguvu ya kijiji iko kabla ya tanuru ya kwanza kuwaka. Wakati ule mwekezaji bado anahitaji ardhi, njia, bandari na sahihi. Kijiji kikisema kwamba kinataka maji safi, mpango wa viwanja, mahali pa samaki na hospitali, kinasikilizwa. Tanuru ikishawaka, kijiji kinaomba. Mambo ambayo hayakuandikwa mwaka 2013 yamekuwa yakiombwa Kurisa na Labota mwaka baada ya mwaka.

Kwa Congo, wakati huo ni sasa. Mpango wa kota umewapa Wakongomani kitu ambacho hawakuwa nacho: wanunuzi wenye haraka. Kuna mazungumzo ya kila aina juu ya viwanda vya betri na vya kusafisha kobalti, na ramani zinachorwa. Kama masharti ya wakaaji hayataingia katika karatasi sasa, hayataingia baadaye.

Na Congo ina silaha ambayo Bahodopi haikuwa nayo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha, ule ambao wengi wanauita redevansi, kwa hesabu iliyo wazi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa viungo vya chini, yaani ETD, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, kama madini ya kimkakati, inalipa mrabaha wa asilimia 10. Zaidi ya hapo, kompani inapaswa kuweka asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu, na kusaini nao daftari ya masharti. Gavana wa Sulawesi ya Kati angeyapokea masharti hayo kwa mikono miwili. Lakini katika Congo karatasi ni nzuri na mfuko wake una matundu. Wakaaji wengi hawajui fedha hizo zinaingia lini, zinashikwa na nani, na zimejenga nini.

Kuna pia umeme. Bahodopi iliwasha matanuru yake kwa makaa ya mawe, na inalipa kwa hewa yake. Katanga ina mto Lualaba wenye mabwawa ya Nzilo na Nseke, na laini ya karibu kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi. Hata hivyo umeme hautoshi, na migodi inanunua umeme Zambia au kuchoma mazutu. Anayesema kwamba kobalti isafishwe Lualaba bila kusema umeme utatoka wapi anaacha nusu ya hesabu. Jibu likiwa makaa ya mawe, watoto wa Kolwezi watakohoa kama wa Kurisa. Jibu likiwa maji, kazi ya kutengeneza mabwawa na laini lazima ianze kabla ya tanuru.

Nani apelekwe kuona

Wajumbe wa Congo wakialikwa kutembelea Indonesia, ni rahisi kujua wataonyeshwa nini: chumba chenye baridi, filamu fupi, kofia mpya, na tanuru inayotoa mwanga mwekundu. Watarudi na picha na maneno ya kusifu. Ujumbe kama huo hautoshi. Pamoja na waziri na wakurugenzi wa kompani wanapaswa kwenda watu ambao maisha yao yatabadilika: chifu wa eneo la Fungurume, mama anayeuza sokoni Kasulo, daktari wa zahanati ya kando ya mgodi, kiongozi wa wachimbaji wadogo, mtu wa mashirika ya kiraia anayejua kusoma mkataba. Wao hawatauliza tanuru ina digrii ngapi. Watauliza maji ya kunywa yanatoka wapi, chumba kinapangwa kwa bei gani, nani aliuza shamba na alipata nini, samaki wako wapi, na mtoto anakohoa tangu lini.

Wakirudi, watakuwa na mambo manne ya kudai kabla ya sahihi. Kwanza, mpango wa ardhi, ili mwenye shamba asiuze gizani na mji usijijenge wenyewe juu ya mabonde. Pili, maji na hewa, kwa vipimo vinavyotangazwa kila mwezi mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma. Tatu, msamaha wowote wa kodi uwe na tarehe ya mwisho inayojulikana na wote, kwa kuwa miaka 20 ni umri wa kizazi kizima cha wanafunzi. Nne, chuo cha ufundi kianze kabla ya kiwanda, ili vijana wa Lualaba na Haut-Katanga wasifike langoni mikono mitupu huku mafundi wakitoka nje.

Kuna jambo la tano, nalo ni la Kinshasa. Congo na Indonesia zinauza kwa wanunuzi walewale, na zinagombanishwa na wanunuzi walewale. Mmoja akipandisha sharti, anaambiwa kwamba mwingine ni wa bei nafuu. Nchi hizo mbili zina sababu nzuri ya kuketi pamoja na kuonyeshana mikataba, hata kabla ya kufikiri juu ya bei. Kilichokubaliwa Morowali kinafaa kujulikana Kolwezi, na kilichoandikwa katika sheria ya Congo kinafaa kujulikana Morowali.

Indonesia ilithubutu, na kuthubutu kwake kumelipa. Kobalti ya Congo itasafishwa siku moja Congo, na ni haki iwe hivyo. Siku hiyo ikifika, mtu atakayetoka kwenye lango la kiwanda cha Fungurume jioni, akiwa na kofia mkononi, atavuka barabara kwenda nyumbani. Anachokikuta upande huo wa barabara, bomba lenye maji au mtungi wa kununua, kiwanja chenye hati au chumba cha garanti, ndicho kinachoandikwa sasa katika mazungumzo, iwe wakaaji wapo mezani au hawapo.